Fahamu: Eksirei na fuwele za protini

Kijana wa Chitete, mkoani Songwe, asomaye shahada ya kwanza, akitaka kujua kwa yakini sababu ya seli za damu za mgonjwa wa selimundu kujipinda, hana budi kuijua elimu ya fuwele, maana kwayo Max Perutz, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1962, alilifumbua umbo la hemoglobini, protini iliyomo katika seli hizo.

Protini iliyotakaswa huachwa iwe fuwele taratibu, nayo, kwa kuwa eksirei huidhuru upesi, hugandishwa hadi nyuzi -173 za Selsiasi, kisha huzungushwa kidogo kidogo mbele ya mwale, na kila hatua hupigwa picha yenye nukta nyingi, ambazo ukali wake, hesabu zikikamilika, hudhihirisha mahali pa atomu. Hata hivyo picha hizo huipoteza awamu ya mawimbi, ndiyo maana Perutz, mwaka 1953, aliambatisha zebaki kwenye hemoglobini ili kuirejesha awamu hiyo. Hila ya ajabu kwelikweli!

Afrika bado haina sinkrotroni, yaani mtambo mkubwa wa kuzalisha eksirei kali za kazi hii; ile iitwayo SESAME, iliyoko Yordani, ilizinduliwa mwaka 2017. Lakini mitambo kadhaa ya ughaibuni hupokea fuwele zilizosafirishwa katika baridi kali, na mtafiti huiongoza kwa intaneti akiwa kwao, fursa ambayo, kwa rai yangu, vyuo vyetu viitafute kwa bidii.