Kisukari cha watoto: si uchawi, si kosa la mama

Mwezi huu tunaongea kuhusu ugonjwa unaovunja nyumba za watu bure: kisukari cha watoto, kile cha aina ya kwanza. Mtoto akiugua, baba anasema ni damu ya upande wa mama. Mama naye anasema ni jirani amemroga. Wote wawili wamekosea.

Unatoka wapi?

Sungusungu wetu wanalinda kambi usiku. Mwili nao una sungusungu wake, ndiyo kinga ya mwili, na kazi yao ni kupiga vijidudu. Sasa, wanajuaje nani mwizi na nani mwenyeji? Wanasaidiwa na jeni, yaani maagizo ambayo mtoto anarithi nusu kwa baba, nusu kwa mama. Jeni za kazi hiyo zinaitwa HLA, nazo zinatofautiana sana kati ya mtu na mtu. Tofauti hiyo ina faida: maradhi yakiingia, hayatukuti wote na ulinzi wa namna moja. Lakini aina fulani za jeni hizo zinafanya sungusungu wakosee kirahisi. Wanashambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Insulini ikiisha, sukari inajaa kwenye damu na mwili unakosa nguvu.

Je, mtoto wa pili ataugua?

Si lazima! Watu wengi wana jeni hizo na hawaugui maisha yao yote. Hata mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mmoja anaweza kuugua na mwenzake akabaki mzima. Uchunguzi wa Ulaya na Marekani unaonyesha kwamba kati ya watoto 100 wenye ndugu mgonjwa, 6 hivi tu ndio wanaougua. Basi hakuna wa kulaumiwa. Ugonjwa hauambukizi, wala hauletwi na kula sukari.

Dalili

Mtoto anakunywa maji sana, anakojoa kila mara, anaanza tena kukojoa kitandani, anakonda ingawa anakula. Akitapika, akipumua kwa nguvu na mdomo ukinuka kama matunda, mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Wengi wanadhani ni malaria. Omba apimwe sukari.

Dawa ipo

Zamani watoto hawa walikufa wote. Mwezi Januari 1922, huko Toronto, Kanada, Leonard Thompson wa miaka 14 alikuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini. Aliishi miaka 13 zaidi. Leo wenye ugonjwa huu wanasoma, wanaoa, wanazaa.

Insulini ni ya kila siku. Usiiache eti kwa sababu mtoto amepata nafuu, au mtu amekupa mizizi. Chupa iwekwe ndani ya kopo kavu, kwenye chungu kilichozungukwa na mchanga wenye maji, kivulini. Baada ya sindano mtoto lazima ale. Kama mgao wa chakula umechelewa, mwambie muuguzi mapema. Akitetemeka na kutoka jasho, mpe maji ya sukari haraka.

Wazazi, acheni kugombana. Mtoto anawahitaji ninyi wote wawili, na sindano yake.