Mkimbiaji wa Ridhaa wa Likasi na Vipindi vya Mazoezi

Kupanga mazoezi kwa vipindi ni utaratibu wa kuugawa mwaka wa mwanariadha katika sehemu kadhaa, kila sehemu na lengo lake, ili mwili ufikie nguvu zake za juu kabisa siku ya shindano, si mwezi mmoja kabla wala wiki mbili baadaye. Nadharia hiyo iliandikwa na Lev Matveyev wa Umoja wa Kisovyeti katika miaka ya 1960 kwa ajili ya wanariadha waliotunzwa na dola, na kwa hiyo ni haki kuuliza inamfaa nini fundi au mwalimu wa Likasi, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anayekimbia alfajiri kabla ya kazi, bila kocha na bila malipo.

Jibu moja lilikwisha kutolewa na mtu mwenye maisha kama yake. Arthur Lydiard wa New Zealand, aliyefanya kazi katika kiwanda cha viatu, aliufanyia majaribio mwili wake mwenyewe kwa miaka kadhaa kabla ya kuwafundisha vijana wa mtaani kwake, ambao nao walikuwa wakimbiaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa. Alitanguliza miezi ya mbio ndefu za mwendo wa kustahimilika, zikafuata wiki za kupanda vilima, kisha mazoezi ya kasi, na mwishoni mapumziko ya kiasi. Tarehe 2 Septemba 1960, katika Olimpiki ya Roma, wanafunzi wake wawili walitwaa dhahabu siku hiyohiyo: Peter Snell katika mita 800 na Murray Halberg katika mita 5,000. Mpangilio huo una mantiki ya kibiolojia, kwa kuwa mbio ndefu huongeza mishipa midogo ya damu katika misuli pamoja na mitokondria, ambazo ni sehemu za seli zinazozalisha nishati, na mabadiliko hayo huja polepole, ilhali makali ya kasi hupatikana kwa wiki chache na hupotea upesi vilevile. Hata hivyo, kilomita 160 kwa wiki alizozipendekeza Lydiard si za kuigwa na mtu anayesimama kiwandani saa nane kwa siku.

Wapo wanaoupindua utaratibu huo, wakianza na kasi na kumalizia na umbali. Katika jaribio moja la wiki 12 lililowahusisha wakimbiaji wa kawaida 30, wa mpango unaoanza na umbali na wa mpango uliopinduliwa walipunguza muda wao wa mita 5,000, na hakuna upande ulioushinda mwingine kwa tofauti ya kuaminika. Matokeo hayo yanadokeza kwamba mpangilio wa vipindi una uzito mdogo kuliko makocha wengi wanavyodai, na kwamba jambo la kuchunguzwa zaidi ni namna kila wiki inavyogawanywa kati ya mwendo mwepesi na mwendo mgumu.

Mtafiti Stephen Seiler alionyesha kwamba wakimbiaji mahiri hufanya takriban asilimia 80 ya mazoezi yao kwa mwendo mwepesi, ule unaomruhusu mtu kuzungumza bila kuhema. Mwaka 2014 yeye na wenzake wa Hispania walichapisha jaribio la wiki 10 lililowagawa wakimbiaji wa ridhaa 30 katika makundi mawili: kundi lililotenganisha wepesi na ugumu lilipunguza muda wake wa kilomita 10 kwa asilimia 5.0, na lile lililokaza mwendo wa kati kwa asilimia 3.6, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Walipochambuliwa wale tu walioufuata mpango barabara, pengo likawa asilimia 7.0 kwa 1.6, ingawa walibaki sita tu kila upande, idadi ambayo haitoshi kujengea sheria. Linaloonekana wazi zaidi ni kwamba wengi hawakuweza kujizuia: siku ya kukimbia polepole walikimbia kwa mwendo wa kati, na kosa hilo ni la wakimbiaji wa ridhaa kila mahali.

Likasi iko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, pungufu sana kuliko Iten ya Kenya yenye mita 2,400 hivi, kwa hiyo mkimbiaji wake asitarajie hewa nyepesi imfanyie kazi. Kalenda yake huamuliwa zaidi na mvua, zinazoanza Novemba na kuisha Aprili, na ubaridi wa asubuhi wa Juni na Julai, kabla ya joto la Septemba na Oktoba. Anayelenga shindano la Agosti anaweza kujenga msingi kuanzia Februari, wakati mvua imelaza vumbi, akapanda vilima mwezi Mei, kisha akafanya kasi katika miezi ya baridi. Barabara ya taifa namba 1, yenye malori ya shaba na kobalti kati ya Kolwezi na Lubumbashi, haifai kwa mbio ndefu. Njia za udongo ni salama zaidi, hata kama zina matope.

Kwa wiki mbili za mwisho kabla ya shindano, ushahidi ni imara zaidi: uchambuzi ulioongozwa na Laurent Bosquet mwaka 2007, ambao ulikusanya tafiti nyingi za wanariadha wa mashindano, ulionyesha faida kubwa zaidi pale umbali unapopunguzwa kwa asilimia 41 hadi 60 bila kupunguza kasi wala idadi ya siku. Mtu aliyezoea kilomita 50 kwa siku tano atakimbia basi kilomita 20 hadi 30 kwa siku hizohizo tano, na akitoka zamu ya usiku, siku hiyo ataihesabu miongoni mwa nyepesi.