Kuuliza Klasta Ilifanya Nini: Namna ya Kusoma Taarifa za Kazi Zilizopita

Uchambuzi wa Kiswahili kwa kadi na kalamu umebaki kwa wachache. Helsinki Corpus of Swahili, iliyoandaliwa chini ya uongozi wa Arvi Hurskainen, katika toleo lake la pili ina maneno yapatayo milioni 25. Kuyahesabu maneno hayo, kompyuta ya mezani inaweza. Lakini kugeuza mamia ya saa za sauti kuwa maandishi, au kuifundisha programu itambue ngeli na upatanisho, ni kazi inayohitaji klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa ambazo watumiaji hugawana kwa foleni.

Mgawaji wa foleni hiyo ni programu. Mojawapo ya zinazotumika sana ni Slurm, iliyoanzia maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hapa kwetu Afrika Mashariki, klasta ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) jijini Nairobi huitumia. Katika makala hii tunaeleza jambo moja tu: kazi ikishatoka kwenye foleni, tunajuaje ilikwendaje na ilitumia nini?

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyeko Muhokya, wilayani Kasese. Amerekodi Kiswahili cha biashara huko Mpondwe, karibu na Bwera, mahali ambapo wasemaji wa Lhukonzo hukutana na wafanyabiashara kutoka Kongo. Ametuma kazi yake kwenye klasta kupitia intaneti ya simu, kisha mtandao ukakatika. Asubuhi anapiga amri ya squeue, na kazi haipo. Je, imekamilika au imekufa? Amri hiyo ni ya kazi zinazosubiri na zinazoendelea. Akiirudisha kazi kwenye foleni bila kujua kilichotokea, huenda akapoteza siku mbili nyingine, na tarehe ya kukabidhi tasnifu haimsubiri.

Anachotakiwa kutumia ni sacct, amri inayosoma hifadhidata ya kazi zilizopita. Kwa kawaida huonyesha kazi za tangu saa sita ya usiku wa kuamkia leo tu, kwa hiyo kazi ya juzi haitatokea mpaka atajwe mwanzo na mwisho wa muda:

sacct -S 2025-03-01 -E 2025-04-01 --units=G --format=JobID,JobName,State,Elapsed,TotalCPU,AllocCPUS,ReqMem,MaxRSS

Tumeandika tarehe 1 Aprili ili Machi yote iingie, maana tarehe isiyo na saa huhesabiwa tangu usiku wa manane inapoanza. Anayejua namba ya kazi yake aandike -j na namba hiyo.

Safu ya kwanza ya kutazama ni State, yaani hali. COMPLETED maana yake kazi imefika mwisho salama. FAILED, programu yenyewe ilirudisha kosa. TIMEOUT, muda ulioombwa uliisha kabla ya kazi. OUT_OF_MEMORY, kumbukumbu haikutosha. Kila hali ina dawa yake. Aliyeishiwa muda aombe muda zaidi. Aliyepata FAILED asome kwanza faili la matokeo, kwani kuongeza muda hakutamsaidia.

Hapa walimu wa lugha tuwe waangalifu. Neno kumbukumbu tunalitumia kwa taarifa zilizotunzwa na pia kwa sehemu ya kompyuta inayoshika data wakati wa kazi. Mwanafunzi akiambiwa “kumbukumbu imejaa” anaweza kwenda kufuta mafaili yake bure. Katika makala hii kumbukumbu ni hiyo ya kazi. Zile zilizotunzwa tunaziita taarifa.

Safu ya MaxRSS huonyesha kiwango cha juu cha kumbukumbu kilichopimwa. Huwa tupu kwenye mstari wa kazi yenyewe. Tazama mstari wa chini yake unaoishia na.batch. Ukiongeza -X ili kufupisha orodha, mistari hiyo hufichwa na kipimo hupotea nayo. Tena kipimo huchukuliwa kwa vipindi, hivyo ongezeko la ghafla laweza kupita bila kuonekana. Ndiyo sababu kazi iliyouawa kwa kukosa kumbukumbu wakati mwingine huonyesha tarakimu iliyo chini ya ilichoomba.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kazi iliomba prosesa 16 na gigabaiti 64, ikachukua saa 3. Prosesa 16 kwa saa 3 ni saa 48 za prosesa. TotalCPU inaonyesha saa 2 na dakika 54, yaani asilimia 6 hivi. Prosesa moja ilifanya kazi. Kumi na tano zilikaa bure. MaxRSS ikiwa gigabaiti 6, basi safari ijayo prosesa 1 na gigabaiti 8 zatosha.

Wachoma chokaa wa Muhokya hawahitaji somo refu juu ya hili. Anayerundika kuni za matanuri matatu kisha akachoma moja, jirani zake watazitafuta kuni mbali. Katika klasta ni vivyo hivyo: ulichoomba hakigawiwi mwingine hata usipokigusa, na ombi kubwa huchelewa kupata nafasi. Anayeomba kwa kipimo huanza mapema, na mwenzake pia hupata.

Tunawashauri wasomaji wetu wenye akaunti kwenye klasta waitazame kazi yao ya mwisho kwa amri tuliyoitoa, walinganishe ReqMem na MaxRSS, kisha waziandike tarakimu hizo katika daftari la utafiti kabla ya kutuma kazi nyingine. Wahariri tutafurahi pia kupokea mapendekezo ya istilahi zitakazotenganisha maana hizo mbili za kumbukumbu.