Kwotabeki Kijana na Kazi Isiyoonekana Siku ya Mechi

Julai 2022, klabu ya Arizona Cardinals ilimwongezea kwotabeki wake Kyler Murray mkataba wenye thamani ya dola milioni 230.5. Murray alikuwa na umri wa miaka 24. Siku chache baadaye wanahabari wakaibua kifungu kilichokuwa ndani ya mkataba huo: kila wiki ya mechi, Murray alitakiwa kujisomea kwa angalau saa 4, mbali na vikao vya timu. Kifungu kilieleza hata namna muda huo utakavyohesabiwa. Akiwasha video za mechi kwenye kishkwambi huku anacheza gemu au anatazama runinga, muda huo hauhesabiki. Zogo likawa kubwa. Murray aliitisha mkutano na waandishi, akasema amevunjiwa heshima, na Cardinals wakakifuta kifungu chenyewe wiki hiyohiyo.

Klabu ilikosea kudhani kwamba kujituma kunaweza kuandikwa kwenye mkataba. Hofu iliyoisukuma, hata hivyo, ipo katika klabu zote 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani: unamkabidhi kijana mamilioni ya dola na hatima ya timu nzima, na sehemu kubwa ya kazi yake anaifanya akiwa peke yake, bila kocha wala kamera.

Kwa aliyekulia kwenye soka, ni vigumu kuona kazi yenyewe ni ipi. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi, kisha anaurusha, anaukabidhi kwa mwenzake au anakimbia nao. Shambulizi moja likiisha, saa ya sekunde 40 huanza kuhesabu kwenda la pili. Katika muda huo kocha humpa mbinu kwa redio ndogo iliyofichwa ndani ya helmeti yake, ile yenye kidoti cha kijani kwa nyuma. Zikibaki sekunde 15, redio hukatika kwa mujibu wa kanuni. Kijana anakuwa ameshasikia sentensi ambayo huweza kuzidi maneno kumi ya mafumbo, na anapaswa kuirudia neno kwa neno mbele ya wenzake 10, maana kila mmoja anachota humo jukumu lake. Akikosea neno moja, mpokeaji anakimbilia kushoto na mpira unaenda kulia.

Kisha anabaki yeye na macho yake. Walinzi wa upande wa pili wamejipanga namna fulani, lakini mara nyingi wanaigiza: anayeonekana kuja kumkaba atarudi nyuma, na aliyetulia pembeni ndiye atakayemvamia. Akigundua hila hiyo anaweza kuibadilisha mbinu papo hapo kwa sauti na ishara. Mpira ukishamfika mkononi ana takriban sekunde 3 kabla majitu ya kilo 130 hayajamfikia. Hakuna anayefikiri vizuri ndani ya sekunde 3. Anachofanya ni kutambua kitu alichokwisha kukiona mara nyingi kwenye video, na ndiyo maana kujituma kwa kwotabeki, tofauti na kwa mkimbiaji au mlinzi, hupimwa zaidi kwa muda aliokaa kitini.

Ratiba ya wiki huonyesha jambo hilo. Mechi nyingi huchezwa Jumapili. Jumatatu ni ya kupitia makosa, na Jumanne kwa kawaida ni mapumziko, ila makwotabeki wengi huenda klabuni siku hiyo kuanza kumsoma mpinzani anayefuata. Jumatano hadi Ijumaa mbinu mpya huingizwa mafungu kwa mafungu, na mpaka Jumapili nyingine ziwe zimekaa kichwani. Mkataba wa wachezaji na wamiliki wa mwaka 2011 ulipiga marufuku mazoezi mawili mazito kwa siku na ukapunguza mazoezi ya kugongana wakati wa msimu hadi 14. Miili ya wachezaji ilinusurika, jambo jema kabisa. Lakini muda wa kijana kujifunza uwanjani ulipungua, na mzigo ukahamia nyumbani kwake, kwenye kishkwambi.

Jayden Daniels aliubeba mzigo huo mapema. Akiwa bado Chuo Kikuu cha Louisiana State, alianza kutumia kifaa cha uhalisia pepe kilichotengenezwa Ujerumani: anavaa miwani, anajikuta katikati ya uwanja, walinzi wanajipanga mbele yake, naye anaamua pa kurusha. Aliongeza kasi ya picha kupita ya mchezo halisi, ili Jumamosi ya mechi ya chuo ionekane inakwenda taratibu. Washington Commanders walipomchukua mwaka 2024, akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya, alikwenda na mazoea yake. Alfajiri, kabla vikao havijaanza, alikuwa tayari klabuni akizipitia mbinu za siku hiyo. Baada ya muda wenzake wakawa wanaungana naye.

Hapo ndipo uongozi unapoanzia, kwa sababu hakuna aliyewaamuru wafike. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 4 tu msimu uliotangulia ilishinda 12, ikafika hatua moja kabla ya Super Bowl, fainali ya NFL. Oktoba 2024, dhidi ya Chicago Bears, sekunde za mwisho zikiyoyoma, Daniels alikwepa kukabwa huku na huko kwa sekunde zaidi ya kumi kisha akaurusha mpira mbali kwenye msitu wa mikono. Ukaguswa, ukadunda, ukamwangukia mwenzake Noah Brown: 18 kwa 15. Bahati ilikuwepo, hilo halina ubishi. Ila alicheza mechi hiyo wiki moja tu baada ya kuumia mbavu, na wenzake walijua.

Jalen Hurts aliupata uongozi kwa njia chungu zaidi. Januari 2018 alikuwa kwotabeki wa Alabama katika fainali ya vyuo; wakiwa nyuma kwa pointi 13 kwa 0 dhidi ya Georgia, kocha alimtoa wakati wa mapumziko na kumwingiza Tua Tagovailoa, aliyeipindua mechi. Taifa zima lilikuwa likitazama. Wengi walitegemea Hurts ahame. Alibaki mwaka mzima akiwa wa akiba, na Desemba, dhidi ya Georgia haohao, Tagovailoa alipoumia, Hurts akaingia robo ya nne na kuigeuza 28 kwa 21 kuwa ushindi wa 35 kwa 28. Alikuwa kijana wa miaka 20, na alikuwa amejiandaa kila wiki kwa mechi ambazo hakuwa akipangiwa. Februari 2023, sasa akiwa na Philadelphia Eagles, alipoteza Super Bowl mbele ya Kansas City Chiefs, 35 kwa 38. Aliifanya picha yake akitoka uwanjani siku hiyo kuwa ya kwenye simu yake. Miaka miwili baadaye akawafunga Chiefs walewale 40 kwa 22, na kuchaguliwa mchezaji bora wa fainali.

Hata hivyo, hukumu ya nani anajituma na nani anafaa kuongoza imewahi kutumiwa kuwafungia watu milango. Kwa miongo mingi vijana Weusi waliong'ara kama makwotabeki vyuoni walihamishiwa nafasi nyingine kwa madai kwamba hawana kichwa cha kazi hiyo. Warren Moon hakuchaguliwa na klabu yoyote ya NFL mwaka 1978. Akaenda Kanada, akatwaa kombe la huko mara 5 mfululizo na Edmonton, ndipo NFL ikamfungulia mlango. Mwaka 2022 Moon alikuwa miongoni mwa waliokipinga hadharani kile kifungu cha Murray, na alikuwa na haki ya kukipinga.

Klabu nazo zina lao la kujibu. Carolina Panthers walimchagua kwotabeki Bryce Young wa kwanza kabisa mwaka 2023, wakamfukuza kocha wake kabla msimu haujaisha, wakamaliza na ushindi wa mechi 2. Mwaka uliofuata, chini ya kocha mpya, alikalishwa benchi baada ya mechi 2 tu. Linganisha na Peyton Manning: msimu wake wa kwanza, mwaka 1998, pasi zake 28 zilinaswa na wapinzani, rekodi kwa mchezaji mpya, na Indianapolis Colts wakashinda mechi 3. Hawakumweka benchi. Msimu wa pili walishinda 13. Young alirudishwa uwanjani mwishoni mwa Oktoba 2024 kwa sababu aliyemrithi aliumia kidole gumba katika ajali ya gari. Mechi ya mwisho ya msimu huo, ugenini Atlanta, alirusha pasi 3 za kufunga (tachidauni), akakimbia mwenyewe kufunga nyingine 2, na Panthers wakashinda 44 kwa 38 katika muda wa nyongeza.