Madini katika chakula yanavyolinda seli za mwili

MTU yeyote ambaye amezoea kununua omena katika soko la Kondele, jijini Kisumu, anajua kwamba samaki hao wakiwekwa muda mrefu baada ya kuanikwa hugeuka rangi, hutoa harufu kali na kuwa na ladha chungu.

Wengi hudhani kwamba wameoza. Kwa hakika, aghalabu kinachoharibika ni mafuta yaliyomo ndani yao baada ya kukutana na oksijeni ya hewani. Wanakemia huuita mchakato huo oksidishaji, nao ni wa jamii moja na ule unaokifanya chuma kishike kutu.

Lisilofahamika na wengi ni kwamba uharibifu wa namna hiyo hutukia pia ndani ya miili yetu, kila dakika, hata tukiwa usingizini.

Seli za mwili hutumia oksijeni kuunguza chakula ili zipate nguvu. Katika kazi hiyo, sehemu ndogo ya oksijeni hugeuka kuwa molekuli kali zinazoshambulia chochote kilicho karibu: mafuta yanayounda utando wa seli, protini, na hata DNA inayobeba urithi wetu. Moshi wa sigara, moshi wa kuni na maradhi kama malaria huziongeza molekuli hizo.

Madhara hayo yakilimbikizana kwa miaka mingi huhusishwa na uzee, maradhi ya moyo na aina kadhaa za saratani.

Walinzi wa seli

Hata hivyo, mwili haukuachwa bila kinga. Una vimeng'enya maalumu ambavyo kazi yake ni kuzipunguza makali molekuli hizo. Vimeng'enya hivyo hutegemea madini tunayoyapata katika chakula. Kimeng'enya kilichokosa madini yake ni mithili ya mpini usio na jembe.

Mnamo 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza kazi ya kimeng'enya chenye madini ya shaba na zinki ambacho huigeuza oksijeni kali kuwa haidrojeni peroksaidi. Kimeng'enya kingine cha jamii hiyo, kinachofanya kazi pale seli inapozalisha nguvu zake, hutumia manganisi.

Haidrojeni peroksaidi nayo ina madhara, hivyo ni lazima iondolewe. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vingine, kimoja kikitegemea chuma na vingine seleni, ambavyo huigeuza kuwa maji. Vimeng'enya vya seleni pia huzuia mafuta ya utando wa seli yasiharibike jinsi yanavyoharibika yale ya omena.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika nchini China, katika maeneo ambayo udongo wake una seleni kidogo mno. Huko, watoto na wanawake wengi walipatwa na ugonjwa wa misuli ya moyo uitwao Keshan. Walipoanza kupewa seleni katika miaka ya 1970, visa vya ugonjwa huo vilipungua sana.

Sahani ya mkazi wa ziwani

Kwa mkazi wa Kondele, madini haya hayako mbali. Omena huliwa mzima, pamoja na kichwa na mifupa, na kwa hivyo humpa mlaji chuma, zinki, seleni na kalsiamu kwa pamoja. Mboga za kienyeji kama osuga, dek na ododo huongeza chuma na manganisi, nayo maharagwe na njugu huongeza shaba.

Tatizo ni kwamba unga wa mahindi na maharagwe vina fitati, kemikali inayoyashika madini ya zinki na chuma yasifyonzwe vyema. Kuloweka maharagwe na kuchachusha uji hupunguza kemikali hiyo. Chai inayonywewa pamoja na chakula pia huzuia chuma, ilhali nyanya au ndimu husaidia chuma cha mboga kufyonzwa.

Hatari ya kupita kiasi

Je, ikiwa madini ni kinga, mbona tusimeze vidonge vingi? Hapa ndipo wengi hukosea. Madini hayo huwa mlinzi yakiwa mahali pake ndani ya kimeng'enya. Chuma kinachozagaa ovyo mwilini, kwa mfano, huzalisha molekuli kali zaidi badala ya kuzizima.

Funzo la karibu ni la kisiwa cha Pemba, Zanzibar. Katika utafiti uliohusisha zaidi ya watoto 24,000 wadogo, baadhi walipewa chuma na asidi ya foliki. Mnamo 2003 utoaji huo ulisimamishwa kabla ya wakati. Matokeo yaliyochapishwa 2006 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba watoto hao walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa hospitalini au kufariki.

Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi, kama ilivyo kandokando ya Ziwa Victoria. Hata hivyo, katika kundi dogo la watoto waliopimwa na kutibiwa malaria kwa ukaribu, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba penye malaria, watoto wapewe chuma sambamba na hatua za kuikinga na kuitibu.

Zinki nayo ikizidi kwa muda mrefu huzuia shaba kufyonzwa. Seleni vilevile: utafiti wa zaidi ya wanaume 35,000 Amerika Kaskazini, uliokatizwa 2008, haukuona kwamba vidonge vyake vinazuia saratani ya tezi ya kibofu kwa watu waliokuwa na seleni ya kutosha tayari.

Hii haina maana kwamba vidonge havifai. Mjamzito anayepewa chuma kliniki, au mtoto anayeharisha aliyeandikiwa zinki, hapaswi kuviacha. Lakini mzazi anayeona mtoto wake amepauka na kuchoka ampeleke hospitalini akapimwe damu na malaria kwanza, badala ya kumnunulia vidonge dukani kwa kubahatisha.

Kwa aliye mzima, kibaba cha omena wasiochacha, fungu la osuga na ndimu moja vyaweza kuchangia pakubwa kinga hiyo.