Bosi Anapoona Stetasi Yako

Mfanyakazi wa kaunti, awe katika afisi za Wote au zahanati ya mashinani kule Mwingi, huenda hajawahi kukubali ombi la urafiki la bosi wake kwenye Facebook. Lakini kazi nyingi siku hizi hupangwa katika makundi ya WhatsApp. Ukihifadhi nambari ya bosi naye akahifadhi yako, kwa kawaida anaweza kuona stetasi zako: harusi ya Jumamosi, malalamiko ya mshahara kuchelewa, hata bango la mwaniaji unayempigia debe.

Hilo la bango lina uzito. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inamkataza afisa wa umma kushiriki siasa kwa njia inayoweza kuifanya afisi yake ionekane inaegemea upande. Stetasi hutoweka baada ya saa 24. Picha ya skrini hubaki.

Si lazima umblock bosi na kuzua maswali. Fungua mipangilio ya WhatsApp, ingia sehemu ya faragha, kisha ya stetasi, uwaondoe usiotaka wazione. Hawataarifiwa. Kwenye Facebook, unaweza kumkubali kisha umwekee mipaka aone tu yale uliyoyaweka hadharani.

Nanyi wakubwa, msiwatumie maombi ya urafiki walio chini yenu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na ni vigumu kumkatalia anayetia sahihi fomu yako ya likizo.