Manukato yanayosubiri joto: Muagizaji aangalie ghala kwanza

MFANYABIASHARA wa losheni na manukato hupata hasara asiyoiona: harufu huruka kabla bidhaa haijamfikia mnunuzi. Viwanda vikubwa hukabili tatizo hilo kwa kuifungia harufu ndani ya vifuko vidogo mno vya polima. Dawa nyingi za kulainishia nguo tayari zina vifuko hivyo, ambavyo hupasuka nguo inaposuguliwa.

Aina nyingine, ambayo watafiti wamekuwa wakiijaribu, hufuata joto badala ya msuguano. Polima inayojulikana zaidi katika kazi hii huitwa kwa kifupi PNIPAM. Chini ya nyuzi 32 hivi za Selsiasi, chembe zake hunywa maji na kuvimba kama sponji. Joto likipita hapo husinyaa, hutema maji, na harufu iliyomo husukumwa nje. Ngozi ya binadamu ina joto la karibu na kiwango hicho. Ndiyo maana losheni hutarajiwa kutulia chupani na kuanza kunukia ikishapakwa.

Hapo ndipo penye hesabu ya muagizaji wa pwani. Dar es Salaam mwezi Februari, joto la mchana hufika nyuzi 32 kivulini, na ndani ya kontena au ghala la mabati huzidi hapo. Losheni iliyopangiwa hali ya hewa ya Ulaya yaweza kuachia harufu yake ghalani. Usiku chembe huvimba tena, lakini harufu iliyokwisha kutoka hairudi yote. Kiwango hicho huweza kupandishwa kwa kuchanganya PNIPAM na kemikali inayopenda maji zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kulipia mzigo, muagizaji amuulize muuzaji: chembe hizi hufunguka kwenye nyuzi ngapi?

Kwa mwekezaji, swali kubwa ni sheria. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuzuia plastiki ndogondogo zinazowekwa kwa makusudi katika bidhaa. Vifuko vya harufu vilipewa muda hadi Oktoba 17, 2029. Polima zinazooza au kuyeyuka majini haziguswi, lakini PNIPAM haiozi kwa urahisi.

Kampuni inayotafuta mtaji kwa teknolojia hii bila kueleza chembe zake zitaoza vipi, inauza hisa za bidhaa ambayo huenda ikafungiwa mlango katika soko la Ulaya.